Uzi: Marseille kwa miguu. Panga siku zako kwa upepo kwanza, vivutio baadaye

Upepo_wa_Kusi (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Humu mtu akiuliza kuhusu Ufaransa, majibu karibu yote yanaishia Paris. Uzi huu ni wa Marseille, mji wa bandari ulioanzishwa na mabaharia Wagiriki karibu mwaka 600 KK. Ni mji wenye kelele, wenye ngazi nyingi na watu wa kila bara, na ukiuendea kichwakichwa utarudi umeona nusu yake tu.

Cha kwanza kabisa ni mistral. Huu ni upepo mkavu wa baridi unaoshuka kwenye bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, na ukishika unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Shida yake ni kwamba mbingu inakuwa bluu safi, haina hata wingu. Mgeni anachungulia dirishani, anaona jua, anakwenda kukata tikiti ya boti ya Château d'If, ngome iliyo kisiwani. Akifika gatini anaambiwa boti haishushi watu pale leo: gati la kisiwa ni dogo, na mawimbi yakiwa makubwa abiria hawawezi kushuka salama. Boti hupitiliza hadi visiwa vya Frioul au safari inafutwa kabisa. Kiangazi, upepo huohuo ndio unaosababisha milima ya Calanques kufungwa kwa hofu ya moto.

Kwa hiyo angalia utabiri wa siku tatu nne mbele kabla hujapanga chochote. Siku tulivu zipe bahari na milima. Siku za upepo zipe makumbusho, masoko na mitaa ya ndani.

Njia ya siku ya kwanza, karibu kilomita 3: anzia Quai de la Fraternité, mwisho wa ndani wa Vieux-Port, yaani bandari ya zamani. Fika asubuhi saa mbili au saa tatu, wavuvi wakiuza samaki juu ya meza, wengine bado wanaruka kwenye beseni. Saa sita mchana utakuta wanaosha meza. Hapohapo juu yako kuna lile paa la chuma linalong'aa kama kioo, kazi ya Norman Foster ya 2013. Simama chini yake utazame juu, utaona kichwa chako na soko lote juu chini.

Ukiielekea bahari, fuata upande wa kulia, Quai du Port. Utaona jengo la manispaa la karne ya 17, na nyuma yake majumba ya mawe yanayofanana mno kwa mji mkongwe kiasi hiki. Sababu ni kwamba Januari na Februari 1943 jeshi la Wajerumani, likisaidiwa na polisi wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana nao, liliwatoa watu wapatao 20,000 kwenye mtaa ule na kulipua majumba karibu 1,500 kwa baruti. Yaliyopo sasa yalijengwa baada ya vita, na msanifu wake anayejulikana zaidi ni Fernand Pouillon. Wageni wengi wanapita hapo wakipiga picha mashua bila kujua wanakanyaga nini.

Panda sasa Le Panier, sehemu ya mtaa wa kale iliyobaki. Nenda La Vieille Charité, jengo la zamani la kuhifadhi maskini, kisha shuka hadi kanisa kuu la La Major lenye mistari ya mawe meupe na ya kijani. Kutoka uwanja wa kanisa la Saint-Laurent kuna daraja la miguu linaloingia ngome ya Fort Saint-Jean, na daraja jingine linakuvusha juu ya maji hadi paa la makumbusho ya Mucem. Kupita ngomeni na juu ya paa ni bure. Tikiti ni ya kumbi za maonyesho tu. Wengi wanapanga foleni chini bila haja.

MamaPili

Asante sana mleta uzi. Mimi naomba mwanzo wa safari: viza na namna ya kufika. Na mtu akiwa na ndugu anayeishi huko, bado anatakiwa kuonyesha hoteli?

Gati_Namba_3

Dada MamaPili, viza ni ile ya Schengen ya muda mfupi, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Usisubiri huko mwishoni. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na kituo kinachopokea makaratasi kina malipo yake juu ya hapo. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ya nchi zote za Schengen, na tarehe zake zifunike safari yote, siku ya kuingia na ya kutoka. Bima iliyopungua siku moja tu inatosha kukwamisha faili zima.

Kuhusu ndugu: mwenyeji anakwenda manispaa ya anakoishi kuomba *attestation d'accueil*, hati ya kumkaribisha mgeni. Anapeleka kitambulisho, uthibitisho wa makazi na wa kipato, na stempu ya euro 30. Hati hiyo inachukua nafasi ya hoteli. Unatakiwa kupewa ile halisi, siyo picha ya WhatsApp, kwa hiyo hesabu na muda wa posta. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ndugu anaanza kuishughulikia wakati wewe tayari una miadi.

Jambo jingine linaloangusha maombi ni akaunti ya benki iliyokaa tupu miezi kisha ikaingizwa fungu kubwa wiki ya mwisho. Wanaangalia mwendo wa akaunti, siyo salio la siku ile tu.

Kufika: ukishukia uwanja wa Charles de Gaulle, usiende Paris mjini. Chini ya uwanja wenyewe kuna kituo kinachoitwa Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV, na kuna treni za kasi za moja kwa moja hadi Marseille Saint-Charles, safari ya saa nne hivi. Ukinunua tikiti bila kuangalia jina la kituo, utapata treni inayoondokea Gare de Lyon na itabidi uvuke jiji zima na masanduku. Acha pengo la saa tatu kati ya ndege kutua na treni kuondoka. Milango hufungwa dakika 2 kabla ya muda. Na zile treni za bei nafuu za Ouigo zina vipimo vya mizigo. Sanduku kubwa linalipiwa, bora ulilipie wakati wa kukata tikiti.

Saint-Charles iko kilimani, ina ngazi maarufu yenye vidato 104. Ukiwa na mizigo ishuke siku nyingine. Chukua metro ya M1 hapohapo kituoni, vituo viwili tu uko Vieux-Port.

Fundi_Jahazi

Naongezea kitu ambacho hakimo kwenye video za watalii, na Mswahili wa pwani hapaswi kukikosa. Nyuma ya jengo la maduka la Centre Bourse, hatua chache kutoka bandari ya zamani, kuna Musée d'Histoire de Marseille. Nje yake kuna magofu ya bandari ya Wagiriki na Warumi yaliyofukuliwa baada ya 1967, walipokuwa wanachimba msingi wa maduka hayo.

Ndani, nenda moja kwa moja kwenye mabaki ya mashua za Place Jules-Verne, zilizopatikana kwenye tope mwaka 1993. Ile ndogo, inayoitwa Jules-Verne 9, ni ya karne ya 6 KK na imeshonwa. Mbao za ubavuni hazikupigwa misumari. Inama uangalie ukingo wa ubao: utaona safu ya vijishimo vya pembetatu, na ndani ya kila kimoja tundu lililotobolewa mshazari. Uzi wa kitani ulipita humo ukafunga ubao na ubao, kisha vijiti vidogo vikapigwa kwenye matundu ili uzi usilegee. Ndani walipaka mchanganyiko wa nta na utomvu wa msonobari kuzuia maji.

Aliyewahi kuona mfano wa mtepe ataelewa papo hapo. Mtepe wa Wabajuni na Lamu ulishonwa kwa kamba za kumbi la nazi, mashua ya Massalia, yaani Marseille ya Wagiriki, kwa kitani, lakini hesabu ya fundi ni ileile: ubao ushikwe na ubao kwanza, mataruma, yaani mbavu za chombo, yaje baadaye. Pembeni kuna Jules-Verne 7, chombo kikubwa zaidi, ambacho mafundi walishaanza kutumia ndimi za mbao zinazoingia kwenye mashimo ya ubao wa pili, na kushona kumebaki kwenye ncha. Ukizitazama mbili hizo pamoja unaona ufundi mmoja ukipokezana na mwingine. Mwaka 2013 walijenga mashua mpya kwa kuiga ile ndogo, wakaiita Gyptis, na ikaenda baharini kwa tanga na makasia.

Mkusanyiko wa kudumu wa makumbusho ya manispaa hauna kiingilio, na hii ni mojawapo. Tenga saa mbili.

Dafu_Bichi

Mkuu Fundi_Jahazi, hapo umenipa sababu ya kwenda. Swali langu ni Calanques. Picha zinaonyesha maji ya kijani kati ya majabali meupe. Mtu anaendaje bila gari, na hiyo habari ya kufungwa ikoje?

Upepo_wa_Kusi (mleta uzi)

Mkuu Dafu_Bichi, Calanques ni hifadhi ya taifa tangu 2012, na inaanzia ndani ya mipaka ya mji wenyewe. Bila gari, njia rahisi ni kufika Castellane kwa metro, kisha basi la B1 hadi mwisho, Luminy, kwenye chuo kikuu. Kutoka hapo unatembea kama dakika 45 hadi saa moja kufika ghuba ya Sugiton. Kwenda ni mteremko. Kurudi ni mlima, juani, juu ya mawe yanayoteleza kwa kukanyagwa miaka mingi. Hapo ndipo watu wanapougua.

Kati ya 1 Juni na 30 Septemba, kila siku inapewa rangi kulingana na hatari ya moto. Rangi hutangazwa jioni ya siku iliyotangulia, kwenye programu ya simu ya Mes Calanques na kwenye tovuti ya hifadhi. Ikiwa nyekundu, milima imefungwa, hata kama hakuna upepo mlangoni kwako. Hilo siyo urasimu: tarehe 8 Julai 2025 moto ulioanzia Les Pennes-Mirabeau, kaskazini ya mji, ulisukumwa na upepo hadi ndani ya Marseille, na uwanja wa ndege ukafungwa.

Sugiton yenyewe ina sharti la ziada. Tangu 2022, siku za kilele cha kiangazi huingii bila kujiandikisha mtandaoni. Ni bure, ila nafasi ni watu 400 kwa siku. Zamani walifika hadi 2,500, udongo ukawa unaporomoka na mizizi ya misonobari ikabaki nje. Anayekutwa bila kibali hutozwa euro 68. Hifadhi kibali kwenye simu kama picha, maana mtandao huko chini unakatika.

Maji: lita 2 kwa kila mtu, na kiangazi ongeza. Huko hakuna bomba wala duka. Viatu viwe vya soli yenye meno, ndala ziache kwenye mkoba kwa ajili ya kuogelea kwa sababu kwenye mawe kuna urumbi wa baharini, wenye miiba. Sigara na moto wa aina yoyote ni marufuku.

Usiku wa kuamkia safari ukaona rangi nyekundu, badili. Panda basi la 83 kutoka Vieux-Port upite barabara ya Corniche, shuka Vallon des Auffes, bandari ndogo ya wavuvi chini ya daraja la matao.

Pishi_la_Ufuta

Chakula sasa. Bouillabaisse ndiyo inayowaponza wageni. Mwaka 1980 wenye mikahawa kadhaa wa Marseille waliandika mkataba wa namna inavyopaswa kupikwa: samaki wasiopungua aina nne kutoka orodha yao, wakiwemo rascasse, galinette, saint-pierre, baudroie na mkunga. Mchuzi una zafarani, shamari, nyanya, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Unaletwa kwa awamu mbili: kwanza mchuzi na vipande vya mkate mkavu vinavyopakwa rouille, sosi ya kitunguu saumu, pilipili na zafarani. Kisha samaki wazima, wanaoonyeshwa na kukatwa mbele yako.

Samaki hao ni ghali na wengi wanataka oda ya siku moja au mbili kabla. Bei ya kweli iko euro 60 na kuendelea kwa mtu. Kibao cha euro 25 karibu na maji, papo kwa papo, ni supu ya samaki tu. Supu ya samaki ni nzuri kwa haki yake, basi iagize kwa jina lake na bei yake.

Kwa bajeti ya kawaida kula panisse: uji mzito wa unga wa dengu, uleule wa bajia, unapoozwa kwenye umbo la gogo, unakatwa vipande vya duara na kukaangwa. Mahali pake ni L'Estaque, na msimu wa joto kuna boti za usafiri wa umma kutoka Vieux-Port hadi huko. Ukipenda vitu vitamu, kwenye rue Sainte kuna tanuri linalooka navettes tangu 1781, biskuti ngumu zenye umbo la mashua na harufu ya maua ya mchungwa. Zinakaa muda mrefu, zinafaa kwa zawadi.

Wanaotafuta halali hawatahangaika: Noailles na Belsunce zimejaa mabucha na mikahawa ya Waalgeria, Watunisia na Wakomoro. Uliza tu mafuta na nyama ndani ya pizza, maana figatelli ni soseji ya nguruwe ya Corsica na jina halimshtui mgeni.

Bi_Mkubwa_Shangani

Na sabuni, wanangu. Kila duka la Panier linauza vipande vya rangi ya waridi na zambarau vimeandikwa Savon de Marseille. Jina hilo halijalindwa kisheria, yeyote anaweza kulipiga muhuri popote duniani. Amri ya mfalme Louis XIV ya 1688 ilitaka mafuta ya zeituni matupu, bila mafuta ya mnyama. Ya jadi leo ni mafuta ya mimea asilimia 72, hupikwa kwenye masufuria makubwa kwa siku nyingi na kuoshwa kwa maji ya chumvi, na ina rangi mbili tu: kijani ya zeituni, au nyeupe ya mawese na nazi.

Geuza pakiti usome. Ukiona *sodium olivate* au *sodium cocoate*, maji, chumvi na magadi, basi. Ukiona *parfum*, *sodium tallowate* au herufi CI na namba, irudishe rafuni. Kipande cha mraba cha gramu 300 au 600 kinapungua uzito kikikauka, hujaibiwa. Kikavu ndicho kinachodumu zaidi kwa kufulia.

Na jueni kwamba sehemu ya mafuta hayo ilitoka kwetu. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walikuwa na mawakala Unguja wakinunua ufuta wa mwambao, na baadaye mbata, kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni.

Gati_Namba_3

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo umegusa mlango wa Wangazija. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilizotoka Marseille kwenda Madagaska zilipita Unguja na visiwa vya Komoro, na Wakomoro wa kwanza kukaa Marseille wengi walikuwa mabaharia na wachochea moto wa meli hizo. Leo ni makumi ya maelfu. Wamejipanga kwa vyama vya vijiji walikotoka, na michango yao imejenga barabara, shule na misikiti huko visiwani. Wachezaji kadhaa wa timu ya taifa ya Komoro wamezaliwa hapa, akiwemo Youssouf M'Changama.

Kwa mgeni, sehemu ya kuwakuta bila kusumbua mtu ni soko la Capucins pale Noailles, hasa Jumamosi asubuhi. Utaona muhogo, ndizi mbichi, na majani ya muhogo yanayopikwa kwa tui la nazi, mataba, ndugu wa kisamvu. Salimia kwa Kiswahili wazee, wako walioishi Unguja kabla ya 1964.

Ukipanda rue d'Aubagne kutoka sokoni, kwenye namba 63 na 65 utaona pengo. Tarehe 5 Novemba 2018 majumba mawili yaliyochakaa yaliporomoka na watu 8 wakafa. Usipige picha za kujipamba pale. Watu wa mtaa bado wanakumbuka kila mwaka, na wana haki ya kudai nyumba salama.

MamaPili

Asanteni sana, nimeandika yote. La mwisho: tulale mtaa gani, usalama ukoje, na siku zipi makumbusho yanafungwa?

Upepo_wa_Kusi (mleta uzi)

Dada, lala karibu na Vieux-Port, Préfecture au Castellane, mahali ambapo metro iko karibu. Le Panier ni pazuri, ila vyumba vingi viko ghorofa za juu bila lifti na mitaa ni ngazi tupu; sanduku la magurudumu litakutoa jasho. Julai na Agosti hakikisha tangazo linasema kuna kiyoyozi. Kodi ya manispaa ya kila usiku kwa mtu huwa nje ya bei uliyoiona.

Usalama: wezi wa mfukoni wako Saint-Charles, kwenye metro na Noailles. Simu isikae mezani mkahawani wala mkononi karibu na mlango wa metro unaofunga. Ukikodi gari usiache kitu chochote kinachoonekana, hata koti. Kabla ya kutoka jioni soma tangazo la metro: kwa sababu ya kazi za kuifanya ijiendeshe, kuna siku imefungwa mapema na mabasi yakachukua nafasi yake.

Makumbusho ya manispaa hufungwa Jumatatu, Mucem hufungwa Jumanne. Jumatatu basi panda Notre-Dame de la Garde kwa basi la 60 kutoka Vieux-Port. Ndani angalia juu, utaona vijimeli vilivyoning'inizwa na familia za mabaharia kama nadhiri. Nje, kwenye ukuta, kuna alama za risasi za Agosti 1944, siku wanajeshi wa Algeria wa kikosi cha 7 walipopanda kilima hicho kuwang'oa Wajerumani. Beba koti hata kiangazi, kwa sababu pale juu mistral haina cha kuizuia.

Dafu_Bichi

Mkuu, na uwanja wa Vélodrome je, siku isiyo na mechi?

Pishi_la_Ufuta

Upo kwenye M2, kituo cha Rond-Point du Prado, na kuna ziara za kulipia zinazokatwa mtandaoni. Siku ya mechi ya OM, timu ya mpira ya Marseille, metro hujaa saa mbili kabla, hivyo toka mapema au tembea kutoka Castellane, ni barabara moja iliyonyooka. Ukiwa hapo, endelea na boulevard Michelet hadi Cité Radieuse ya msanifu Le Corbusier, jengo la 1952 lenye makazi 337, duka na hoteli ndani yake. Paa lake huwa wazi kwa wageni. Ingia mlango mkuu, jiandikishe kwa mlinzi, panda lifti hadi juu.